Stesheni isiyo na mtu si ya kuigwa

Mhariri,

Ile makala yenu ya safari kuhusu treni za Japani, yenye picha ya jukwaa tupu linalong'aa, nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimeiweka simu chini kabla ya kufika mwisho. Gazeti hili nalisoma tangu nikiwa Tanga, na tangu 2009 nalisomea huku Yokohama. Sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, maana mwandishi wenu amesifia stesheni zisizo na wahudumu, jambo linalotuumiza sisi tunaoishi nalo, kisha akawashauri watu wa nyumbani waliige.

Kasimulia kisa cha sekunde 20. Kisa ni cha kweli: tarehe 14 Novemba 2017 treni ya Tsukuba Express iliondoka Minami-Nagareyama, mkoani Chiba, saa 3:44 na sekunde 20 asubuhi, wakati ilipaswa kuondoka sekunde ya 40, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Mwandishi wenu akahitimisha kuwa huo ndio ubora wa mitambo. Mitambo imetoka wapi hapo? Kampuni yenyewe ilisema wahudumu wa treni hawakuiangalia ratiba vizuri. Walikosea watu, wakakiri watu, wakaomba radhi watu. Asimame siku moja mbele kabisa ya behewa la kwanza amtazame dereva: amevaa glavu nyeupe, kila taa ya ishara anayoifikia anainyooshea kidole na kuitamka kwa sauti, hata akiwa peke yake mle ndani. Wafanyakazi wa reli wa nchi hii wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100, kwa sababu mtu akinyoosha kidole na kutamka anachokiona hukosea mara chache zaidi. Mnachokishangaa ni hicho, kazi ya mtu anayejua kuwa nyuma yake kuna abiria.

Sasa nije kwenye stesheni "zinazojiendesha zenyewe", kama alivyoziita. Takriban nusu ya stesheni zote za Japani hazina mhudumu. Nyingi ziko mashambani, ambako vijana wamehama na treni inapita mara chache, na huko hata mimi naelewa. Lakini jambo hili limeshaingia pembezoni mwa miji. Stesheni yangu ni ndogo, ina majukwaa mawili na mageti manne ya tiketi, na nje kuna duka la mkate na maegesho ya baiskeli. Asubuhi imejaa wanafunzi na wafanyakazi, jioni imejaa hao hao wakirudi, na katikati ya mchana ni wazee na kina mama wenye vigari vya watoto. Nilipohamia hapa palikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kazi, anakaa dirishani kando ya mageti. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, mzee yule alinifungulia geti pana kila nilipopita na kigari, na jioni akinisalimu neno lile wanalosalimiwa watu waliorudi nyumbani kwao. Siku moja alinikimbilia mpaka kwenye kituo cha basi akiwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Alipostaafu hakuwekwa mwingine wa kudumu. Kwanza dirisha likawa linafungwa usiku, baadaye jioni, na sasa limebandikwa karatasi kuwa mhudumu yupo asubuhi tu. Saa nyingine zote bonyeza kitufe, utaongea na mtu aliyeko mbali.

Mhariri, nikueleze nilichokipata kwa hicho kitufe. Aprili 2024, wiki ya Idi, mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Ana miaka 71 na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza nje ya Tanzania. Tulikuwa tumetoka kusali Tokyo, katika ule msikiti mkubwa wa Yoyogi-Uehara, tukarudi usiku, mtoto mdogo amelala mgongoni mwangu. Mimi natumia kadi, mama nilikuwa nimemkatia tiketi ya karatasi ya nauli ya chini, maana huku inaruhusiwa kumalizia nauli unapofika. Nikapita getini na kadi yangu na akili yangu yote iko kwa mtoto, nikijua mama yuko nyuma. Nikasikia kengele. Nageuka, mabawa mawili ya geti yamemfunga mama kiunoni, taa nyekundu inawaka, tiketi yake imerudishwa. Imepungua yeni 60, Mhariri, hela isiyonunua hata chupa ya maji. Mashine ya kumalizia nauli iko ndani, nyuma ya ngazi, na maelekezo yake ni ya Kijapani, na Kiingereza ukijua pa kubonyeza. Mama anasoma Kiswahili na Kurani. Mimi kurudi ndani siwezi, kwa sababu nikigusa kadi tena nimeanza safari mpya, na mtu aliyeingilia stesheni hii hawezi kutokea hapa hapa mpaka mhudumu amfungulie. Na mhudumu hayupo. Nikabonyeza kitufe. Kikaita. Ikaja sauti iliyorekodiwa kwamba wateja wengine wanahudumiwa, nisubiri. Nikabonyeza tena, ile ile. Watu waliokuwa nyuma ya mama wakahamia mageti mengine kimyakimya. Hakuna aliyemkaripia wala aliyesimama. Mwishowe akapokea mtu, ana adabu kweli, akaniambia mteja aiweke tiketi chini ya kamera iliyoko upande wa ndani. Nikaanza kumtafsiria mama kwa kupiga kelele juu ya geti: "Mama, iweke tiketi pale kwenye kioo!" Treni ikaingia, hakusikia. Akaweka pasipoti. Yule wa kwenye kitufe akasema haoni tiketi. Mtoto akaamka akaanza kulia. Mama akanitazama akasema, "Mwanangu, nimefanya kosa gani hawa watu wamenifungia?" Neno hilo sijalisahau mpaka leo. Mama aliyenilea kwa kuuza maandazi Ngamiani, Tanga, hajawahi kudaiwa na mtu hata shilingi, amesimama nyuma ya kizuizi amekumbatia mkoba wake kama aliyekamatwa, na sina wa kumwambia kwamba huyu ni mama yangu na deni lake ninalo hapa mkononi. Aliyetuokoa ni binti wa shule ya sekondari. Alishuka kwenye treni iliyofuata, akaona, akamshika mama mkono bila kuuliza, akampeleka kwenye mashine na kumlipia yeni 60 kwa sarafu zake mwenyewe. Nilipotaka kumrudishia alikataa, akainamisha kichwa akaondoka. Zilikuwa zimepita dakika 19.

Dakika hizo nimezihesabu kwa simu yangu, kwa sababu saa ya ukutani hapo stesheni nayo imeng'olewa. Kimebaki kiduara cheupe ukutani pale ilipokuwa. Tunaambiwa kila mtu ana simu. Mwaka 2021 kampuni moja kubwa ya reli ilitangaza itaziondoa saa katika stesheni zake takriban 500 ili kupunguza gharama. Nchi inayosifiwa duniani kote kwa treni kufika kwa wakati inawanyima wazee saa! Na mapipa ya taka je? Yalianza kuondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo, Machi 1995, na hilo sibishi, watu walikufa. Ila naona kila kinachoondolewa kwa sababu nzuri au mbaya hakirudi. Saa, pipa, benchi, mzee wa dirishani. Machi 2023 kampuni kadhaa za Tokyo na jirani zake zilianza kututoza yeni 10 za ziada kila safari kwa ajili ya lifti na milango ya usalama jukwaani. Nalipa kwa moyo mweupe, lifti ni haki ya watu. Lakini yule tuliyekuwa tunamwomba msaada tukishatoka kwenye lifti ndiye waliyemwondoa.

Kuna kosa lingine ambalo lazima mlisahihishe. Chini ya picha mmeandika kuwa ile mistari ya njano yenye vinundu sakafuni ni "ya kupangia foleni". Si ya foleni. Ni njia ya wasioona. Ilibuniwa na Mjapani Miyake Seiichi, na kwa mara ya kwanza iliwekwa barabarani mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona, Machi 1967. Vinundu vya duara humwambia mtu asimame, vile virefu humwambia aendelee. Vigae hivyo vimeshafika nchi nyingi, na msomaji wenu aliyeambiwa ni vya foleni kesho atakuja kuegesha pikipiki juu yake.

Niliposhika kichwa usiku ule nilichungulia kwenye upenyo wa pazia la dirisha la mhudumu. Ndani kulikuwa na kiti, na ukutani umeegemezwa ule ubao wa kukunja wanaoutandika kati ya jukwaa na behewa ili kiti cha magurudumu kipite. Umefungiwa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini anatembea kwa kiti cha magurudumu, na akitaka kwenda kwa daktari mchana inambidi apige simu mapema, mhudumu atumwe kutoka stesheni nyingine kuja kumtandikia ubao ambao muda wote uko hapo hapo. Mvua ikinyesha, au daktari akichelewa kumwachia, mpango wote umevurugika. Mkoani Oita watu wenye ulemavu walikwenda mahakamani mwaka 2020 kulalamikia jambo hili hili, kwamba stesheni isiyo na mhudumu inawanyang'anya uhuru wa kutembea. Hao mwandishi wenu hakuwaona.

Najua hoja ya makampuni: wazee wameongezeka, vijana wa kazi hawapatikani. Ni kweli kabisa, kwa kila watu kumi wa nchi hii karibu watatu wana miaka 65 na kuendelea. Lakini hao wazee ndio wanaofungiwa na mageti! Na mwandishi wenu anataka treni yetu ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ifuate njia hiyo hiyo, katika nchi ambayo vijana wanaotafuta kazi wamejaa kila kona.

Ombi langu kwa wanaopanga mambo ya stesheni nyumbani, kama wanasoma gazeti hili, ni hili. Kila penye geti wekeni mtu mmoja, kuanzia treni ya kwanza mpaka ya mwisho. Apewe kofia, kigoda, ufunguo wa chumba chenye ubao wa viti vya magurudumu, na mfuko wa sarafu wa kumkopesha aliyepungukiwa nauli, arudishe kesho. Juu ya kichwa chake itundikwe saa yenye mishale, kubwa, inayosomeka toka mlangoni. Akistaafu awekwe mwingine wiki hiyo hiyo.

Mama anakuja tena Aprili. Amekwisha niuliza kwenye simu kama lile geti bado lipo. Nimemwambia lipo, ila safari hii tiketi nitamkatia ya nauli kamili, na nitasimama ndani mpaka yeye atangulie kutoka.

Msomaji wenu,
Mtanga, Yokohama, Japani