Mama Upendo, sare yako nimeishikilia

Moshi, Jumapili jioni

Mama Upendo mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi wazima, baba watoto anakusalimu, mvua bado. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa mdogo wako barua hii.

Nimekutana na mwalimu wa kwaya sokoni, ameniambia umerudisha sare. Sare, mwenzangu! Nilishindwa hata kuchagua nyanya.

Najua ni ile Pasaka. Ubeti wa pili ulikupotea, ukasimama na kipaza sauti mkononi, kinanda kikawa kinazunguka palepale mpaka sauti ya pili wakadaka kiitikio. Nilikuwa benchi la tatu, nakuambia kweli: kina mama walipiga vigelegele, wimbo ukaendelea. Lakini wewe tangu siku ile hata kwenye jumuiya unaimba midomo tu.

Binti yangu amenisomea habari za Barbra Streisand, yule mwimbaji wa Marekani. Mwaka 1967 aliimba New York, kwenye bustani ya Central Park, mbele ya umati mkubwa, akasahau maneno. Basi, mwenyewe amesema, kwa ajili ya usiku ule hakuimba kwa kulipisha watu miaka 27! Aliporudi aliwekewa skrini zenye maneno, akaimba huku anayaona. Miaka 27, Mama Upendo, kwa sauti ile. Mimi kwako hata Krismasi hii sitaki ipite.

Kwani karatasi ina aibu gani? Najua kwaya yetu inajivunia kuimba kwa kichwa. Lakini mchungaji anasoma liturujia kitabuni kila Jumapili, nani amewahi kumcheka?

Na kule kutetemeka si kwamba hujui kuimba. Mtu akiogopa moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, pumzi inapanda kifuani, koo linakaza. Ndiyo maana noti ya juu uliyokuwa unaipata vizuri mazoezini ilikukatalia. Mwambie mpiga kinanda akushushie kidogo, na akupe noti yako tena kabla hujaanza. Kunywa maji, soda baridi achana nayo. Ukingoja zamu yako, toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta. Halafu usianze na kanisa zima. Waimbie watoto jikoni, kisha mimi na mdogo wako, kisha jumuiya.

Uliimba kwenye msiba wa mama yangu, makaburini, bila kinanda, upepo ule... Sijakushukuru vya kutosha kwa siku ile. Baba bado anauliza, yule dada aliyemwimbia mama yenu yuko wapi?

Sasa ombi langu. Mtoto anapata kipaimara mwezi wa 11. Baada ya ibada tutakula hapa nyumbani chini ya turubai, ndugu na majirani tu. Amekutaja wewe, kwaya nzima haitaki. Ubeti mmoja unatosha, na karatasi ushike.

Sare nimeichukua kwa mwalimu, iko kabatini kwangu. Je, utakuja? Wimbo uwe upi, ule wa makaburini au mwingine? Nikuandikie maneno kwa herufi kubwa? Upendo amepona kikohozi? Na yule wa Himo amekulipa? Alhamisi nipo nyumbani kutwa, nije au utapokea simu?

Wako,
Mama Neema