Salamu za shukrani kutoka kwa familia, Pasua, Moshi

Familia tunatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki mlioshirikiana nasi tangu usiku wa moto hapa Pasua hadi tulipompumzisha mama yetu mpendwa kihambani, Uru. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Kwa kuwa si rahisi kumfikia kila mmoja, pokeeni hizi kwa pamoja, na wachache tuwataje kwa kazi waliyoifanya.

Kijana wa nyumba ya pili alikimbilia meni swichi kabla ya kukimbilia ndoo. Hiyo ndiyo iliyoruhusu wengine kumwaga maji bila kupigwa shoti. Akina mama mlifunga mtungi wa gesi wa kilo 15 na kuutoa nje ukiwa wima. Mungu awabariki.

Shukrani za pekee ni kwa askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Yamesemwa maneno yaleyale ya kila panapoungua: "wamekuja bila maji." Si kweli, na tunaomba yasirudiwe. Gari lilikuja limejaa. Tangi la lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika hukauka kwa dakika 10. Ikifunguliwa mipira miwili ya namna hiyo, dakika 5. Baada ya hapo gari linategemea haidranti, yaani bomba la maji la zimamoto lililo ardhini chini ya mfuniko, na ya mtaani kwetu ilikuwa chini ya lundo la mchanga wa ujenzi. Vijana wa bodaboda mliochimba kwa sepetu na mikono hadi mfuniko ukaonekana, nyumba ya nyuma imesimama kwa sababu yenu.

Nyumba iliyoungua ni ya vyumba sita kwa mstari, na kuta za kati ziliishia kwenye dari, hazikufika kwenye bati. Moto ukishapanda darini hutembea juu kwa juu, chumba cha mwisho kikajaa moshi huku mlango wake ukiwa bado baridi. Mama aliondoka kwa moshi; mwili haukuguswa na moto. Dirisha lake lilikuwa na nondo zilizochomelewa, zisizofunguka kwa ndani. Askari walibandua bati juu ya chumba cha nne, moshi ukapata pa kutokea, wakapiga maji kutoka juu, na vyumba viwili vikapona. Kwa mnaojenga vya kupangisha: fundi akiwaambia mistari michache ya tofali juu ya dari, hadi kwenye bati, ni hasara, mleteni aone.

Chanzo kimekaguliwa. Ni ekstensheni iliyopita chini ya zulia, waya wake mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ambao hubeba umeme wa ampia 6 hivi. Juu yake palichomekwa jiko la koili la wati 1,500 na pasi ya wati 1,200, karibu ampia 12. Breka ya ampia 32 haikuruka kukata umeme kwa sababu kwake ampia 12 si kitu. Hailindi waya mwembamba ulioongezewa mbele yake. Matundu matano kwenye ekstensheni hayamaanishi inabeba vitu vitano.

Mwalimu jirani, ulishikilia mikono ya mjukuu wetu iliyoungua chini ya bomba la maji dakika 20 ukitazama saa, ukamzuia aliyekuja na dawa ya mswaki. Wauguzi wa hospitali ya KCMC walipata kidonda kisafi. Anaendelea vizuri.

Mwenyekiti wa mtaa, asante kwa kupiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, na kutaja msikiti na duka la kona badala ya kusema "huku kwetu Pasua", kisha ukamtuma mtu asimame barabarani na tochi. Ndiyo maana gari halikupotea.

Michango yenu ilitosha jeneza, usafiri wa Uru na chakula. Kilichobaki wamegawiwa wapangaji wa vyumba vinne vilivyoungua, mmoja wao akiwa amepoteza cherehani mbili na vitambaa vya wateja. Walioteketewa na vyeti na vitambulisho waanzie polisi kwa taarifa ya upotevu, kwani bila hiyo ofisi nyingine zitawarudisha.

Sufuria tatu kubwa, majamvi mawili na viti 14 vya plastiki vyenye rangi nyekundu miguuni bado viko uwani kwetu. Wenyewe mje mchukue, hata jioni.