Kabla hujafungua karatasi za Meinertzhagen

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuwa bomani na ng'ombe nikadhani sijaelewa, eti prof amesema kila mtu achague karatasi za familia moja ya afisa wa jeshi la Uingereza azisome mwenyewe, na wewe mtoto wa Nandi umechagua za Richard Meinertzhagen, kule maktaba ya Bodleian, Oxford. Ilibidi nikae chini kidogo. Halafu unaniuliza kama ni sawa, kama wazee hawatachukia. Nimeuliza, hawatachukia. Kogo wako, yaani nyanya yako, alinyamaza kwanza kisha akasema, aende lakini aende akiwa ameshiba. Na hajamaanisha ugali.

Sasa ngoja nikuambie yale ninayoyajua, nimefundisha historia miaka mingi na huyu mtu nimemfuata muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kwanza ile familia. Si watu wa jeshi, ni watu wa benki, London, matajiri hasa, na mama yake ni dada wa Beatrice Webb, yule mama msomi wa mambo ya wafanyakazi na maskini wa Uingereza. Kwa hiyo ni nyumba ya watu wa kuandika. Mtoto wa nyumba kama hiyo anakua akijua akiandika kitu kitatunzwa, na huyu aliandika karibu maisha yake yote, alizaliwa 1878 akafa 1967, ndiyo maana utakuta majuzuu kwa majuzuu. Huku kwetu alifika 1902 akiwa afisa wa King's African Rifles, lile jeshi la wakoloni la askari Waafrika.

Ya 19 Oktoba 1905 unayajua tangu ukiwa mdogo lakini nayarudia hapa ili uwe nayo kwa maandishi yangu mimi. Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza miaka kumi hivi kwa sababu ya reli na mashamba, na Koitalel arap Samoei ndiye alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho. Meinertzhagen akapeleka ujumbe kwamba wakutane waongee amani, kila mmoja aje na watu watano. Yeye akaja na askari kama 80 akawaficha wengi. Koitalel akauawa pale pale kwa risasi, na watu wake zaidi ya 20. Kogo anasema Koitalel alinyoosha mkono ukiwa na nyasi, na wewe unajua kwetu nyasi mkononi ni amani. Meinertzhagen kwa karatasi zake anasema alivutwa mkono ghafla, kwamba ulikuwa mtego wa Wanandi na yeye alijiokoa tu. Wenzake jeshini walikaa baraza za uchunguzi mara tatu wakamsafisha, lakini London hawakutulia, 1906 akaondolewa Kenya. Mimi hapo huwa nasimama. Mtu msafi hahitaji kuoshwa mara tatu halafu bado anafukuzwa.

Sasa hizo shajara zenyewe, na hapa nataka usome polepole. Utakuta zimepigwa taipu, si mwandiko wa mkono wa kijana aliye kambini usiku na taa ya mafuta, ni taipu. Karatasi ya taipu unaweza kuitoa ukaweka nyingine na hakuna atakayejua, au atajua baada ya miaka mingi. Kuna mahali anasema 1902 alimwambia Kamishna Charles Eliot, mkuu wa serikali ya wakoloni hapa, kwamba hii nchi ni ya Waafrika, kwamba siku moja watasoma na watapata silaha na hapo patatokea vita na walowezi. Ukisoma unaweza hata kumpenda. Lakini kitabu cha hizo shajara za Kenya kilitoka 1957, Mau Mau ishatokea, hali ya hatari ishatangazwa miaka mitano nyuma. Kutabiri mvua ukiwa tayari umelowa si kazi ngumu. Mimi sikatai kwamba labda aliyasema kweli, nasema kila ukikuta sentensi inayomfanya yeye aonekane aliona mbali, tafuta barua ya mtu mwingine ya mwaka huo huo.

Na usidhani ni mimi nina chuki. Waingereza wenyewe ndio walimshika uongo, na walimshikia kwa ndege. Alikuwa mkusanyaji wa ndege mkubwa sana, mwaka 1954 akalipatia jumba lao la makumbusho la London ndege waliokaushwa kama 20,000, kila mmoja na lebo yake ya tarehe na mahali. Miaka ya tisini ndiyo wataalamu wa ndege Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones wakaanza kuwafungua hao ndege mmoja mmoja, na unajua walitazama nini? Mshono. Kila mkusanyaji ana mkono wake, jinsi anavyojaza pamba, anavyoshona tumbo, anavyofunga miguu, na wakapiga hata eksirei. Wakakuta ndege mwenye lebo ya Meinertzhagen lakini mkono ni wa mtu mwingine aliyekufa zamani. Yaani aliiba makumbusho hayo hayo, akabandika lebo mpya, akarudisha kama zawadi! Kuna bundi mmoja mdogo wa India, alikuwa haonekani tangu miaka ya 1880, na Meinertzhagen alikuwa amedai amempata 1914 mahali fulani. Watu wakawa wanamtafuta upande huo bure. Rasmussen alipogundua ile lebo ni ya uongo akaacha kuifuata, akaenda kule ambako wakusanyaji wa kweli walimpata, na mwaka 1997 akamwona bundi ametulia tu juu ya mti.

Hiyo hadithi ya bundi mimi hunitoa machozi, sijui kwa nini. Kwa hiyo ukifungua hizo karatasi tazama mshono, usitazame lebo.

Nikiwa kidato cha pili mwalimu mmoja alitusomea darasani kwamba Koitalel alikuwa mchawi aliyetaka kumuua mzungu kwa hila. Nikaandika hivyo kwa mtihani nikapata alama zote, nikaenda nyumbani nikamwonyesha babu yako kwa furaha. Alisoma, akakunja ile karatasi, akanirudishia, akaenda kukamua. Hakusema neno. Hiyo karatasi bado ninayo.

Na ninayo nyingine, hujawahi kuiona vizuri kwa sababu kogo huiweka kwenye sanduku chini ya shuka. Ni kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, cha baba wa babu yako. Wanaume wote Waafrika kuanzia miaka 16 walilazimishwa kukibeba kuanzia karibu 1920, karatasi ndani ya kikopo cha chuma, kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kikopo kimeshika kutu upande mmoja, kamba haipo. Ndani karatasi imekatika kwenye mikunjo minne, alama za vidole bado zinaonekana nyeusi kabisa, na jina lake limeandikwa vibaya na karani ambaye hakumuuliza mara ya pili. Ndiyo karatasi yote tuliyo nayo ya huyo mzee. Familia ya afisa ina majuzuu Oxford, sisi tuna kikopo. Nimekipiga picha mbele na nyuma nitakutumia kwa WhatsApp, uwe nacho kwa simu siku hiyo ukiingia.

Usisahau pia Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel, walimshika 1923 wakamwachilia 1964. Miaka arobaini na moja. Ukipata jina lake mahali popote kwa mafaili ya serikali ya wakati ule andika namba ya faili.

Jambo moja la haki nilitaje. Mwaka 2006 fimbo tatu za Koitalel zilirudi Kenya, na aliyezitoa ni mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe. Alikuwa nazo nyumbani miaka yote hiyo, na akazitoa. Mimi namheshimu kwa hilo. Lakini wazee bado wanadai kichwa, wanasema kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mzee mmoja hapa kwetu akisikia mtu anaenda huko humuuliza kama ataenda kukitafuta. Amekuuliza na wewe. Nimemwambia unaenda maktaba, akasema hata maktaba ni nyumba.

Huko kwenye chumba cha kusomea hawaruhusu kalamu ya wino, beba penseli mbili tatu. Vaa sweta. Nenda na mwenzako ikiwezekana, ukifika ile kurasa ya Oktoba 1905 usiisome peke yako, na ukimaliza nipigie hata kama huku ni usiku wa manane. Kogo amesema tusimwache akilala, anataka kusikia wameandika nini kuhusu zile nyasi.

Baba yako