Dada ananituma nimpeleleze mumewe, na mimi najua aliko

Shangazi, shikamoo.

Jina langu naomba lihifadhiwe. Siku ya mkutano nitakayoitaja humu nimeibadilisha makusudi, utaona kwa nini.

Mimi ni fundi seremala, nipo Keko, nina miaka 41. Pombe nilianza enzi za viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nilishangilia, nikajua nimepona kwa amri. Wiki haikuisha, nikawa nimehamia kwenye chupa ndogo ya konyagi. Mwaka huu mkono ukawa unatetemeka asubuhi kiasi kwamba siwezi kupiga mstari wa msumeno mpaka nipate mbili tatu za kuutuliza. Kitanda cha mteja kilitoka mguu mmoja mfupi, nikachomeka kibao chini kana kwamba mwenyewe ni kipofu.

Nikaacha ghafla, nyumbani, kimya kimya. Siku ya pili jasho, usiku naona panya ukutani ambao mke wangu hawaoni. Akanikimbiza hospitali. Nesi alinisema sana: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka haachi hivyo peke yake, anaweza kupata degedege akafa, aachishwe mbele ya macho ya daktari. Ndiye aliyeniandikia nyuma ya kadi ya kliniki: AA, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha, mtaa na saa. Nikadhani ni kama wale wa methadoni pale Muhimbili, wanaoachishwa heroini, kwamba kuna dawa unakunywa dirishani. Kumbe ni viti na watu tu.

Kufika kulinichukua wiki tatu. Ya kwanza niliona aibu kumwambia mlinzi wa kanisa wanakokutana ninachotafuta, nikamuuliza kwaya inafanyia wapi mazoezi. Akanipeleka kwaya kweli! Nikasimama nyuma ya sauti ya tatu nusu saa nzima, nikarudi nyumbani. Ya pili niliishia grosari ya jirani, siku zangu zikaanza kuhesabiwa upya. Ya tatu mzee mmoja alinikuta nimejibanza kwenye mwarobaini, akasema, "Karibu ndani, chai ipo." Hakuniuliza kitu.

Chai ile ndiyo iliyonibakiza. Nilipewa nusu kikombe, wenzangu wamejaziwa. Nikaona dharau, mpaka nilipokiinua: kwa mkono ulivyokuwa unacheza, kikombe kizima kingeishia kwenye suruali. Yule mzee alijua.

Hakuna kiingilio wala daftari la mahudhurio. Kofia inapita, mwenye nacho anatia cha sukari na chumba. Unataja jina moja, unasema mimi ni mlevi, unaongea au unanyamaza. Mzee anasema mambo haya yalianzishwa na walevi wawili kule Marekani mwaka 1935, mmoja wao daktari, na sharti la kuingia ni kutaka kuacha, basi. Ila kila tunapofunga tunakumbushana: ulichosikia hapa kiache hapa, na uliyemwona hapa hukumwona.

Leo nina siku 74.

Mkutano wangu wa sita, aliingia shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Tukatazamana. Akakaa. Shangazi, huyu ndiye mtu anayeshika soda kwenye harusi zetu, mama anamtolea mfano akitaka kunichapa kwa maneno! Alikuja Alhamisi tatu. Nje ya pale hatukuwahi kuligusia.

Kisha dada akanipigia analia. Mumewe kila Alhamisi anapotea, simu imezimwa, anarudi saa tatu usiku anatafuna pipi za mnanaa. "Ana mwanamke huyu. Wewe ni mwanaume, mfuatilie uniambie." Akanitumia elfu kumi ya bodaboda. Nikajidai nimekubali.

Hapo nikafanya kosa. Nilimpigia shemeji nikamwambia tu, "Dada anakuulizia Alhamisi zako." Akakata simu. Alhamisi mbili sasa kiti chake kitupu, na nadhani anaamini nimemchoma. Nikiwaza yuko wapi saa ile, silali.

Mke wangu anasema nimwambie dada ukweli, bora mlevi anayejitibu kuliko mzinzi. Yule mzee nilimuuliza bila kutaja mtu, akanijibu: ya kwako sema yote, ya mwenzako hata moja. Sawa, lakini nikimwambia dada yangu kwamba Alhamisi mimi huwa AA, yule si mtoto, atajumlisha mwenyewe kabla sijamaliza sentensi. Nasikia pia kuna vikundi vya ndugu wa walevi, vinaitwa Al-Anon, ila nitamwelekezaje huko mtu ambaye hajui kama mumewe anakunywa?

Dada ameshamweleza mama, na Jumapili ijayo wazee wanakaa kikao. Najua nitaulizwa nimeona nini.

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Nimfuate shemeji kazini kwake tuongee uso kwa uso, au nitazidi kumkimbiza? Nihame kikundi nimwachie yeye, wakati hiki ndicho nilichokipata kwa wiki tatu za kuzunguka? Au nimweleze dada ya kwangu na kujumlisha nimwachie mwenyewe? Na hiyo elfu kumi, ambayo bado sijaigusa, nimrudishie kwa maneno gani?

Fundi, Keko