Nani kawaambia Kibiti tumesahau?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kukuandikia. Ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya wiki iliyopita, eti wakazi wa Kibiti, huku kwetu mkoani Pwani, wameyasahau yale mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji, ufuta unauzika na maisha yanasonga. Ufuta unauzika, sikatai. Hilo la kusahau mwandishi wenu kaambiwa na nani? Kwa picha zile, aliishia stendi, akanywa soda yake, akageuza mchana uleule.

Polisi wanane waliouawa Aprili 13, 2017 kila mtu anawakumbuka, na ni haki yao. Ila waliouawa mmoja mmoja, kabla na baada ya siku ile, wengi walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji na watendaji, watu wa kugonga mihuri na kuamua kesi za mbuzi. Mwaka jana mdogo wangu aliwekwa ndani kwa ugomvi wa shamba na wafugaji, nikaambiwa dhamana inataka barua ya mwenyekiti. Nikaenda baada ya Isha. Nabisha hodi, taa ikazimwa. Nikajitaja, kimya. Mara sauti dirishani: "Taja jina la marehemu bibi yako." Mhariri, huyu mzee kanishika mkono siku yangu ya kwanza ya chuo cha Kurani! Nikalitaja. Mlango haukufunguliwa ng'o. Akaniambia karatasi niipenyeze chini. Nikamsikia anapapasa gizani, muhuri ukagongwa sakafuni, karatasi ikarudi kwa njia ileile, muhuri uko kichwa chini miguu juu. Asubuhi kituoni wakaikataa, wakanicheka na kuniuliza nimeifoji wapi. Mdogo wangu akalala ndani usiku mwingine. Halafu mtu anakaa Dar es Salaam ananiandikia kwamba tumesahau!

Tena nyinyi wa magazeti ndio mngekuwa wa mwisho kulisema hilo. Azory Gwanda, mwandishi mwenzenu aliyekuwa akiandika habari za mauaji haya, alichukuliwa na watu wasiojulikana hapahapa Kibiti Novemba 21, 2017. Habari yenu nzima haina hata jina lake.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la bodaboda. Zilipopigwa marufuku usiku mwaka ule, madereva wachache waliopita kwa kuiba walitutoza mara mbili, tukalipa kwa sababu ya hofu. Marufuku imeondoka, bei imebaki. Jua likizama tu kijana anakwambia "usiku huu, mzee", kama vile kuna anayemfukuza. Akina mama wanaokwenda kujifungua nao hawaonewi huruma.

Ushauri wangu kwa halmashauri: isihangaike na semina za amani zenye kofia na fulana. Itenge fungu la milango ya mninga kwa wenyeviti wote, kila mlango ukatwe kidirisha cha upana wa karatasi ya barua, usawa wa kifua, na taa ya sola kwa ndani ili mzee aone muhuri unakaaje. Uchaguzi ukija mlango ukabidhiwe kwa anayefuata, kama atapatikana. Kitongojini kwetu kuna vijana wamesoma, ukiwatajia fomu ya uenyekiti wanakumbuka ghafla kwamba wana safari ya Mbagala.

Msomaji wenu,
Bungu, Kibiti