Mhariri, watoto wetu wanachagua kozi gizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nina jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nimeona nikiendelea kuliongelea hapa dukani na wateja tu halifiki popote. Mimi nina steshenari hapa Dodoma, maeneo ya Sabasaba, napiga kopi, naskani, pasipoti saizi, naandika barua, na siku hizi kazi kubwa kuliko zote ni kuwajazia vijana maombi ya kazi mtandaoni, kule Ajira Portal na kwingineko, wengine nimewajazia mara nyingi mpaka kila mmoja ana faili lake kwenye kompyuta yangu, vyeti vyote vipo, akija hata flashi haleti, anasema tu dada nitumie kama ile ya mwezi uliopita.

Sasa siku moja akaja mzee mmoja mwenye gesti mtaa wa pili, kashika kitu kakifunga kwenye gazeti, kufungua ni kile kibodi cha saketi cha ndani ya AC. Anataka nimwandikie tangazo nilibandike pale nje, ANATAFUTWA FUNDI WA AC ZA INVETA, herufi kubwa, zile AC za kisasa zinazoongeza na kupunguza kasi zenyewe. Vyumba vyake vitatu vilikuwa havina mgeni maana ilikuwa mwezi wa kumi na moja na joto la Dodoma la mwezi huo nani analala bila AC akalipa hela yake. Alishaita mafundi wawili, wote wanajua kujaza gesi na kusafisha, wakifungua wakakuta ile bodi wanafunga tena wanasema mzee hii nunua mpya tu. Na kwenye benchi langu pale pale alikuwa amekaa kijana ana diploma ya utunzaji kumbukumbu, ni mwaka wa nne huo tangu amalize, amekuja kurekebisha sivii. Akakichukua kile kibodi akakigeuza geuza, akamuuliza, mzee shikamoo, hivi hii kazi wanasomea wapi? Mzee akamwambia mwanangu ningejua si ningeshamtuma mtu huko.

Lile tangazo lilikaa wiki tatu mpaka jua likala wino. Fundi alikuja kupatikana Dar, akapanda SGR asubuhi, akatengeneza bodi mbili ya tatu ikashindikana, jioni akageuza na treni, na mzee kalipa nauli ya kwenda na kurudi juu ya hela ya ufundi. Hela hiyo ilipaswa kubaki hapa hapa Dodoma, na kijana wa kuipokea alikuwa amekaa kwenye benchi langu, tatizo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna kazi kama hiyo duniani.

Tangu siku ile nimeanzisha daftari. Nimechora mstari katikati, kushoto naandika watu wanaokuja kuomba kazi na walichosomea, kulia naandika watu wanaokuja kutafuta mtu wa kazi. Upande wa kushoto nimeshafika ukurasa wa ishirini na kitu na vitu vinajirudia, ualimu wa sanaa, maendeleo ya jamii, kumbukumbu, manunuzi, biashara, halafu tena ualimu. Upande wa kulia mistari ni michache lakini haifutiki. Fundi wa lifti. Fundi wa bodi za AC. Mtu anayejua kufunga pampu ya sola ya kisima. Mtu wa kuendesha ekskaveta mwenye cheti. Fundi wa aluminiamu anayejua kusoma mchoro, siyo anayekadiria kwa macho. Wengine wamerudi kuuliza mara ya pili na ya tatu, dada hujapata mtu bado?

Na hili siliongei kama mtu wa pembeni, mimi limenikuta ndani ya nyumba yangu. Binti yangu alipomaliza form four tulikaa mezani na baba yake na tukachagua kozi kwa kusikia tu, jirani kasema hiyo ina ajira, mjomba kasema hiyo ndiyo serikali inataka, na chuo tulichoenda walituambia soko lipo mama usiwe na wasiwasi. Nikakopa kwenye kikoba nikalipa ada miaka miwili na hela ya fildi juu. Leo yuko na mimi hapa dukani, anapiga kopi vizuri kuliko mimi, mtoto hodari kabisa, lakini kila akimjazia mwenzake maombi ya nafasi ileile aliyokosa yeye namwona uso unavyobadilika. Pale chuoni sikuuliza swali moja tu la maana, waliomaliza mwaka jana wako wapi? Sikuuliza kwa sababu sikujua kama linaulizika, na hata ningeuliza sidhani kama yupo ambaye angenijibu.

Kuna mtu ataniambia takwimu zipo. Ni kweli zipo na wala sina ugomvi na NBS, ofisi ya takwimu ya taifa, wanafanya utafiti wa nguvu kazi kwa kwenda kaya kwa kaya, ni kazi kubwa. Lakini hebu tuangalie miaka. Ulifanyika 2006, ukaja 2014, ukaja tena 2020/21. Mtoto aliyeanza la kwanza utafiti wa 2014 unafanyika, mwingine unakuja yeye yuko la saba. Na utafiti wa 2014 usingeweza kujua kwamba 2016 serikali itatangaza kuhamia Dodoma na mji utageuka namna hii, maghorofa kule Mtumba kwenye mji wa serikali, mahoteli, kila dirisha na AC yake. Halafu utafiti wenyewe unakwambia wangapi hawana kazi, wangapi wako kwenye kilimo, mkoa gani, na hayo yanamsaidia waziri kupanga, mimi mzazi wa Nkuhungu au Chang'ombe haunambii kwamba mafundi wa kujaza gesi wapo tele ila wa bodi hayupo hata mmoja. Ndo tatizo lilipo. Ukisema tu "fundi AC" utafikiri wapo wa kutosha, na mzee wa gesti amekaa na vyumba vitatu havina watu.

Na muda wa kusubiri utafiti mwingine hatuna, kwa jinsi watoto wanavyokuja. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka, kwa kasi hiyo watu wanakuwa mara mbili ndani ya miaka kama 22 hivi. Mkoa huu wa Dodoma peke yake umetoka milioni 2 na kidogo umevuka milioni 3. Zaidi ya watu 4 katika kila 10 nchini ni watoto chini ya miaka 15. Wenzetu Ujapani wanahangaika na wazee kuwa wengi, sisi mzigo wetu ni huu wa watoto, na ni mzigo wa heri kama ukibebwa vizuri.

Halafu kuna mawimbi mawili yanakuja ambayo naona hatuyaongelei. La kwanza ni wale wa elimu bila ada. Walioanza darasa la kwanza Januari 2016, ule mwaka madarasa yalifurika mpaka watoto wakakaa chini, wamefika form four 2026. Yaani wale watoto wote tuliofurahi wanasoma bure ndo wanaanza kuja kwenye benchi langu na vyeti mkononi. La pili ni 2027, kwa mtaala huu mpya msingi unaishia la sita, kwa hiyo darasa la sita na la saba wanamaliza msingi mwaka mmoja, wote wanaingia form one Januari 2028, madarasa mawili kwa mpigo, na miaka minne baadaye watatoka pamoja kwenda kutafuta chuo na kazi. Hakuna kitu cha kubahatisha hapo, hao watoto tayari wamezaliwa, wamehesabiwa, majina yao yako shuleni. Tunajua watakuja lini na ni wangapi, tusichojua ni tutawaelekeza wapi.

Mwaka 2025 TRA, wale wa kodi, walitangaza nafasi 1,596, maombi yakaja 135,027. Ukigawanya ni kama watu 85 wanagombania kiti kimoja. Wiki ile mimi nilifunga duka saa tano usiku, foleni mpaka barabarani, nilipata hela sikatai, ila nilirudi nyumbani nimechoka roho, maana wengi wa wale niliowajazia nilijua kabisa sitawaona kwenye orodha.

Hapa naomba niseme kitu kimoja watu wanakichanganya. Kuna uhaba wa mtu na kuna uhaba wa mshahara. Walimu kwa mfano, nenda shule za vijijini huko utakuta mwalimu mmoja anashika madarasa matatu, halafu mtaani kwangu walimu wenye vyeti wanauza vocha na chipsi. Hapo mtu yupo, kinachokosekana ni bajeti ya kumwajiri, na mzazi akisikia kwenye redio "kuna uhaba wa walimu" anampeleka mwanae ualimu akidhani kazi ipo inamsubiri. Lakini yule fundi wa bodi za AC hela ya kumlipa ipo mfukoni kwa mzee, mtu ndiye hayupo. Haya ni mambo mawili tofauti na dawa zake tofauti, wanaotangaza upungufu watuambie wanaongelea uhaba wa aina ipi kati ya hizo mbili.

Sasa mimi naomba nini. Kila mwaka NACTVET, wale wanaosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili, TCU wa vyuo vikuu nao wanacho chao. Mle unakuta jina la chuo, kozi, sifa za kujiunga, kozi ni miaka mingapi. Naomba waongeze safu moja tu. Katika waliomaliza kozi hii chuo hiki, wangapi walikuwa na kazi ndani ya mwaka mmoja, ya kuajiriwa au ya kujiajiri inayoeleweka. Na kwa walioajiriwa rasmi data wala haihitaji kuzunguka nyumba kwa nyumba, mwajiri akipeleka michango ya mafao NSSF kila mwezi jina la mfanyakazi linaonekana, namba ya NIDA ipo, vyuo navyo vina orodha ya wahitimu. Kuziunganisha hizo bila kuanika jina la mtu ni kazi ya wataalamu na wataalamu tunao, tena wengine wamesomea hapo UDOM kilomita chache tu kutoka hapa nilipo.

Najua kazi nyingi haziko NSSF. Za mtaani zinahitaji macho ya mtaani. TaESA wapo na kazi yao ndo hiyo ya kuunganisha waajiri na watafuta kazi, lakini yule mzee hajawahi kuwasikia, alikuja kwangu kwa sababu mimi nina ukuta wa kubandika karatasi. Kwa nini ofisi ya kata isiwe na ukuta huo? Mtendaji akawa na ubao, kila mwezi yanaandikwa mahitaji ya waajiri wa kata ile, gereji, gesti, zahanati binafsi, wakandarasi, na yanapelekwa wilayani yanajumlishwa. Hata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ingepata mwelekeo. Mimi ndo nachapa maandiko ya vikundi, na karibu kila andiko ninalochapa ni bodaboda, kuku au sabuni, siyo kwamba vijana hawana akili, wanaandika wanachokiona.

VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, nao wana utaratibu mzuri wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, nimekutana na mafundi wengi tu hapa dukani hawaujui, mtu ana miaka kumi na tano anachomelea anakosa tenda kwa sababu ya karatasi. Na huu mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, ulioanza 2024 kwenye baadhi ya sekondari mimi naupenda sana ila naogopa kitu kimoja, kila shule ikifungua ushonaji na useremala kwa sababu vifaa vyake ni rahisi kupata tutarudi palepale, daftari langu litakuwa na mafundi cherehani kurasa ishirini upande wa kushoto.

Na sisi wazazi, naomba wanisamehe wenzangu, bado tunamwambia mtoto ukifeli utaenda VETA. Niliyasema hayo mimi mwenyewe kwa binti yangu kwa mdomo wangu huu. Fundi aliyekuja na SGR alipata kwa siku moja zaidi ya ninayopata mimi kwa wiki nzima.

Matokeo ya form four yanatokaga Januari, baada ya hapo wazazi wataanza kumiminika hapa kuprinti fomu za kujiunga na wataniuliza kama kawaida, dada hii kozi ina kazi? Nisipokuwa na jibu nitafungua lile daftari niwaonyeshe upande wa kulia, sina kingine. Kama kuna afisa yeyote wa kazi au wa mipango wa jiji anasoma gazeti hili, steshenari yangu inafunguliwa saa moja asubuhi, aje alipige kopi lote, simtozi hata shilingi.

Wako msomaji,
Mama wa steshenari,
Sabasaba, Dodoma