Mzabibu wa Baba usiguswe

Hannover, 19 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwenu tu. Barua hii akusomee Neema, na asiruke mahali. Ndahani asiishike kwanza, maana mambo yake yamo humu na namjua, atayapita kama hayakuandikwa.

Picha za kipaimara zimefika. Neema kapendeza, gauni limemkaa. Lakini wenzangu wakimtazama mtoto, mimi macho yalikuwa ukutani. Mama, mzabibu uko wapi? Nimeikuza ile picha kwenye simu mpaka ikawa ukungu, naona waya unaning'inia na kisiki chini yake. Wiki haijaisha Ndahani ananipigia, anaomba laki nane za kuweka pevingi uani, eti tope linachafua gari. Gari la nani? Na tope la Dodoma ni la miezi mingapi? Mvua zenyewe Desemba mpaka Aprili, tena zikipenda. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi, na kivuli kilichokuwa kinatukinga ni hicho alichopanda Baba.

Nimetuma laki tatu, kwa simu ya wifi, si ya kwake. Ni za paa la jiko na dawa zako za presha. Za pevingi sina, na hata ningekuwa nazo nisingetoa.

Kazini salama. Asubuhi niko na watoto wa chekechea, Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha watu wazima Kiswahili. Baridi ipo, tumeizoea.

Ila maua yangu, Mama! Kuna ua dogo la zambarau, majani yana manyoya kama sikio la mbuzi. Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, yaani jina la milima yetu ya Tanga limo mdomoni mwao na wengi hawajui ni wapi. Aliyelituma kutoka Tanga ni mkubwa mmoja wa enzi za Wajerumani, Saint Paul, na mtaalamu aliyelipa jina la kisayansi mwaka 1893, Wendland, alikuwa bustani za Herrenhausen, hapa hapa Hannover. Mimi nilianza na jani moja nililopewa na bibi jirani, nikalichomeka kwenye kikopo cha mtindi. Leo nina vyungu 11 dirishani, vitatu vimechanua na nje ni theluji. Ya kwake bibi yameoza. Sasa anabisha hodi kwangu kuuliza siri, namwambia maji yasiwe ya baridi, amwagie sahanini, majani yasilowe. Mwalimu ni mwalimu.

Na mkonge pori, ule wa vichakani ambao hata mbuzi wanaupita, dukani huku nimeukuta yuro 15. Nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama.

Alhamisi iliyopita darasani nikawaambia kwetu zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mzee mmoja ambaye kwao wanalima zabibu akakataa katakata. Kwao ni mara moja tu, wakati wa vuli. Nikamweleza kwamba kwetu mzabibu haulazwi na baridi, ukipogoa, miezi kama minne unavuna. Nikafungua simu nimwonyeshe wa kwetu. Picha iliyotangulia kutokea ni hiyo ya kisiki. Nikaifunga. Usiku huo sikulala vizuri, basi ndiyo nikaandika.

Kisiki hakijafa. Ndahani asikichimbe. Kikichipua, achague chipukizi moja lenye nguvu alifunge kwenye waya, mengine ayatoe. Maji ya kuoshea mchele yanatosha, hata siku ambazo bomba halitoi. Akinitumia picha ya hilo chipukizi, tutaongea habari za pevingi, tena upande wa getini tu.

Msalimie Shangazi. Nasikia siku hizi haendi Dar kwa basi, ni SGR tu. Nimewatambia watu huku kuwa treni yetu ni ya umeme. Mwalimu mwenzangu atapita Dodoma mwezi wa tatu, mpeni mlenda mkavu. Ubuyu wa rangi msimpe, wa mwaka jana ulimwagikia nguo zote.

Mwanao,
Yunisi

NB: Neema, ile alovera ya kwenye kopo la rangi, karibu na karo, bado ipo? Kwenye picha sikuiona.